Namna ya Kupata Watu Pemba

Mgeni anayehamia Unguja huwakuta wageni wenzake wamekwisha kujipanga. Paje kuna mikahawa yao, Nungwi kuna fukwe zao, Fumba kuna mji mzima unaojengwa na kuuzwa kwao. Pemba hakuna kitu hicho. Ukishuka bandarini Mkoani ukauliza wageni hukutana wapi jioni, utaonyeshwa kwa ukarimu njia ya kwenda Hospitali ya Abdalla Mzee, maana huko kuna madaktari wa Kichina. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya nusu milioni kisiwani, na waliotoka mbali miongoni mwao ni wachache: watafiti wa maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000, hao madaktari ambao wenzao wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu 1964, walimu na maofisa kutoka Bara, watu wa mashirika, na wapiga mbizi wa hoteli chache za Kigomasha na Wambaa.

Hiyo ni bahati yako, na mwongozo huu umeandikwa ili usiichezee. Pasipo na kundi la wageni, mgeni ana njia moja tu: awe jirani. Ujirani Pemba ni kazi yenye saa zake, vyombo vyake na mavazi yake, na kila mwenye nia anaweza kuifanya. Namwandikia daktari wa Nanjing na mtafiti wa Milano, lakini zaidi namwandikia mwalimu wa Iringa na mhasibu wa Nairobi. Hao ndio hufika wakidhani kwamba, kwa kuwa Kiswahili wanacho, hawana cha kujifunza.

Anza kwa sheha, yaani mkuu wa mtaa. Kabla hujafungua masanduku, kabla hujatundika chandarua, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa sheha wa shehia yako. Ni lazima ajue nani analala wapi, lakini faida yako ni kubwa kuliko hiyo. Sheha atakuuliza jina, kazi, kwenu wapi, wazee wako wangali hai, umeoa au hujaoa, una watoto wangapi, na kama huna, kwa nini. Jibu yote, polepole, bila kukunja uso. Anatafuta pa kukuweka. Mtu asiyejulikana mama yake yuko wapi wala watoto wake ni wangapi, watu watamuuliza hali ya nini? Na asiyeulizwa hali hazoeleki. Ikifika Magharibi mtaa mzima utakuwa umeyapata majibu yako, nawe utakuwa umeepuka mwezi mzima wa kujitambulisha.

La pili, liache gari. Gari la mradi lenye vioo vyeusi halijampatia mtu rafiki hata mmoja. Tembea kwa miguu, na uondoke nyumbani mapema, kwa sababu baina ya mlango wako na ofisi yako kuna watu, na kila mmoja anakudai salamu yake. Ukifika penye baraza toa "Asalaam aleikum" ya kusikika na wote, usichague wa kumsalimia. Mzee, awe mwanamume au mwanamke, mpe shikamoo na uingoje marahaba kabla hujanyanyua mguu. Watoto watakukimbilia na "chei chei!" zao, waitikie wote, hata wakiwa darasa zima, maana mtoto ndiye anayezifikisha habari zako nyumbani kabla ya mtu mzima yeyote. Kijana wa Bara anayemrushia mzee wa Wete "mambo vipi" hatatukanwa. Ataitikiwa kwa upole, mazungumzo yataishia hapo, naye atamaliza mkataba wake wote akilalamika kwamba Wapemba ni wasiri.

Salamu ikishapokelewa, iendeleze. Uliza ya nyumbani, ya kazi, ya watoto, ya mgonjwa uliyeambiwa habari zake juzi. Kumbukumbu ni nusu ya urafiki kisiwani hapa. Muuza samaki akikutajia mguu wa mama yake uliovimba, wiki ijayo uulizie mguu huo kabla hujauliza bei ya changu. Hutahitaji kufanya hivyo mara nyingi. Siku utakayolala na homa usipite njia yako, mtu atakuja kupiga hodi kuuliza mbona leo hukuonekana, na uji ameuchukua mkononi.

Mwanamume aende barazani. Baada ya Alasiri, na tena baada ya Isha, Chake Chake, Wete, Konde na kila kijiji wanaume hukaa, na muuza kahawa hupita na dele lake na vikombe vidogo. Keti pembeni, usiketi katikati. Mara za mwanzo sikiliza. Kahawa utakunywa chungu na kipande cha halua, na Wete hiyo halua ina wapishi wake, kwa hiyo usiisifie ya Oman mbele yao. Mara moja moja walipie wote, bila kutangaza. Ukialikwa kwenye bao, cheza hata kama hujui. Utafungwa, utafundishwa, utafungwa tena, na mwalimu wako wa bao atakuwa rafiki yako wa kwanza, kwa sababu mtu humpenda anayemfundisha. Mazungumzo ya kuanzia yako matatu: Simba na Yanga, bei ya karafuu, na hali ya bahari. Kwa hayo matatu unaweza kuishi mwaka.

Mawili yaache mpaka uletewe. La kwanza ni uchawi. Kila mgeni huja Pemba na hadithi za majini alizopewa na mtu ambaye hajawahi kufika. Hadithi hizo ni za zamani: mwandishi wa Uingereza Evelyn Waugh alipita hapa, na katika kitabu chake Remote People cha mwaka 1931 akaeleza kwamba waganga hutoka nchi za mbali kuja Pemba kusomea kazi yao. Karibu karne moja baadaye abiria wa boti bado anaulizwa Unguja kama haogopi. Mzee aliyekaa barazani ameshayasikia maswali hayo kwa kila lafudhi ya dunia. Ukimuuliza naye, utakuwa umemwambia kwamba ulimjia kwa sababu ya jini wake, yeye mwenyewe hukumwona. Yuko aliyeifanya kazi hiyo ya kuuliza kwa heshima. Nathalie Arnold Koenings, mwandishi na mtafiti, aliishi na watu Pemba, akajifunza kusema nao Kiswahili chao, akakaa na wazee, na tasnifu yake ya mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Indiana ikayaweka mambo ya uganga pamoja na historia ya Mapinduzi, vile wazee wenyewe walivyoyaeleza. Kama huna muda na subira ya namna hiyo, zungumza habari za bahari.

La pili ni siasa. Kisiwa hiki kimemzaa Maalim Seif Sharif Hamad, kimepitia miaka ya njaa na viboko baada ya Mapinduzi ya 1964, na Januari 2001 kiliwazika vijana waliopigwa risasi katika maandamano. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Hayo yamo ndani ya nyumba unazopita. Rafiki atakueleza siku atakayotaka, pengine usiku, pengine baada ya miaka miwili. Ukimharakisha atakujibu kwa ufupi na utakuwa umeufunga mlango mwenyewe. Siku hiyo ikifika, sikiliza mpaka mwisho, wala usimweleze ulichosoma gazetini.

Na hapa niseme jambo linalonikera. Mithali ya Wapemba kujuana kwa vilemba hutumiwa na watu wa nje kama ushahidi kwamba Mpemba hamtaki asiye wake. Mimi naiona kinyume. Hakuna watu wa pwani hii waliowahi kuwa wageni mahali pengi kama Wapemba. Nenda Kariakoo uhesabu maduka yao. Fuata madago ya wavuvi wa Kojani, wanaohama na msimu wa samaki hadi pwani ya Kenya na kulala kwenye fukwe za watu miezi kwa miezi. Kilifi, Kwale na Mombasa kuna familia za Kipemba zilizozaa na kuzikana huko vizazi kadhaa bila kitambulisho, mpaka mwaka 2023 serikali ya Kenya ilipowatambua na kuwapa uraia. Mtu ambaye babu yake alilala ufukweni kwa watu anajua ugeni unavyouma. Anachongoja ni kuona kama nawe unajua namna ya kuwa mgeni.

Mwanamke haanzii barazani. Mlango wake ni uani, na uani kuna watu wengi zaidi. Mgeni mwanamke akiambiwa kuna shughuli kwa jirani, asingoje kadi wala siku yenyewe ya harusi. Aende siku mbili tatu kabla, wakati wa kuchambua mchele, akae mkekani, achukue ungo, na mikono ianze kazi. Huko ndiko watu wanakozungumza. Watamfundisha kukuna nazi, kufunga kanga isidondoke, na majina ya kanga zote zilizopita mbele yake. Siku ya harusi yenyewe kuna kelele na taarab na kutunza, na anayekuja siku hiyo tu amekuja kutazama.

Kama anaishi upande wa Micheweni, Tumbe au Makangale, kuna mwani pia. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na kiliwapa wanawake wengi fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Kazi hufuata bamvua: maji yakitoka mbali, kina mama hushuka na kamba, vigingi na nyuzi za tai-tai, wakafunga miche mpaka maji yarudi. Mgeni anayeinama nao saa tatu juani, maji yakimfika magotini, haulizwi tena amekuja kutafiti nini. Mikono itauma na mgongo utauma. Aende bamvua linalofuata pia, kwa sababu mara moja hufanywa na mpiga picha, na Pemba wapiga picha wameonekana wengi.

Sasa sahani. Hili lina kanuni, na mgeni asiyeijua huharibu mambo bila kujua. Jirani akikuletea chakula, na ataleta, sahani yake hairudi tupu. Hakuna anayetaka umrudishie biriani. Weka maembe, weka papai lililoiva, weka paketi ya tende au sukari. Kama wewe si Mwislamu, matunda ni salama kuliko nyama, kwa maana jirani mwenye adabu hatakuuliza nyama yako imechinjwaje, atabaki nayo mkononi hajui afanye nini, nawe utakuwa umemtia tabuni ukitaka kumfurahisha. Usioshe sahani ukairudisha baada ya mwezi. Usiirudishe dakika ileile kama anayelipa deni na kutaka kumaliza. Kesho au keshokutwa inatosha. Sahani ikizoea kwenda na kurudi, watoto watakuwa ndio wachukuzi, na mtoto aliyezoea kuingia kwako na sahani ataingia pia na daftari lake la skuli, na baada yake mama yake ataingia kuuliza kama mtoto anakusumbua. Mwambie hasumbui.

Ramadhani ndiyo mwezi wa sahani. Mchana usile wala usinywe njiani, uwe wa dini yoyote; hilo halina mjadala. Jioni futari itakujia yenyewe: muhogo wa nazi, ndizi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga. Utaalikwa nyumba tatu kwa usiku mmoja na utakwenda zote. Kula kidogo kwa wa kwanza. Siku ya Idi weka fedha ndogondogo mfukoni, nyingi, kwa sababu watoto wote waliokusalimia "chei chei" mwaka mzima watakuja na nguo mpya kupokea mkono wa Idi, na wana haki.

Mchango wa kweli utatakiwa wakati wa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huku. Katika nusu ya pili ya mwaka mavuno yanapokuja, kisiwa hubadilika: fedha hupatikana, watu hupanda juu asubuhi, njia zote hunukia. Usipande. Mikarafuu ni mirefu, na kila msimu watu huanguka. Jirani yako hataki kukupeleka hospitali katika siku anazolipwa kwa pishi. Kazi yako iko usiku, wakati karafuu zinachambuliwa kutoka kwenye makonyo, familia nzima na majirani wamezunguka lundo, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Hakuna mkutano wowote wa wageni popote duniani ningeubadilisha na usiku mmoja wa kuchambua karafuu. Vicheko vyote vya mwaka huhifadhiwa kwa ajili ya lundo lile. Mchana, karafuu zikiwa zimeanikwa, usikanyage jamvi la mtu. Na wingu likitanda, acha kompyuta, acha simu, toka ukimbie ukaanue pamoja nao, karafuu za yeyote, ziwe za jirani yako au za mtu usiyemjua jina. Zikilowa, bei imekwenda.

Msiba sitaupitia haraka, kwa sababu hapo ndipo watu hupimwa. Mtu akifa Pemba huzikwa upesi, mara nyingi siku ileile. Tangazo likitoka msikitini, mwanamume huacha alichoshika na kwenda. Nawe nenda. Jeneza hubebwa kwa kupokezana, na njia ya makaburini wanaotembea ni wengi kuliko waliomjua marehemu. Kama si Mwislamu, tembea nyuma, simama pembeni wakati wa sala, vaa suruali ndefu au kikoi na shati la heshima, usipige picha, usitoe hotuba. Mwanamke hukaa na wafiwa nyumbani, amejifunika mtandio, na hana haja ya kutafuta maneno, kukaa kunatosha. Peleka ubani mkono kwa mkono, kiasi chochote, bila bahasha yenye nembo ya ofisi. Kisha rudi siku ya tatu, kwenye khitma, wakati waliokuja kwa haraka wamekwisha kuondoka. Nimewaona wageni waliokaa miaka wakifanya semina za ushirikishwaji wa jamii, na hawakuwahi kumzika mtu. Waliondoka wakiwa na vyeti. Na nimewaona wengine, wasiojua maneno mia ya Kiswahili, waliobeba jeneza mara moja, na tangu siku hiyo wazee wakawaita mwanangu.

Tahadhari moja kwa watu wa mashirika: usimfanye rafiki mradi. Kuna habari ya Jeff Schnurr, Mkanada aliyekuwa mpanda miti kwao, aliyefika Pemba safarini mwishoni mwa miaka ya 2000. Watu waliposikia kazi yake ni kupanda miti walimwomba awafundishe, kwa sababu kisiwa kidogo cha Kokota kilikuwa kimebaki karibu kipara. Yeye na Mbarouk Mussa Omar wa Pemba wakaanza na vitalu, na kutokana na urafiki huo zikazaliwa Community Forests Pemba na shirika dada lake huko Kanada. Kilichonigusa ni mpangilio wa mambo: mwenyeji aliomba, mgeni akafundisha anachokijua, na shirika likaja baadaye. Wageni wengi hufika na shirika kwanza, halafu wakashangaa kwamba watu wanawaita "mradi" badala ya majina yao.

Utaombwa fedha pia. Usikasirike, majirani wote huombana. Ukiweza, toa kwenye shughuli, kwenye matibabu, kwenye ada ya skuli, na ujiunge na upatu wa mtaa ili nawe siku moja uwe wa kupokea. Mtu anayetoa tu hana wenzake.

Na nenda kwenye starehe. Baada ya mavuno kuna mchezo wa ng'ombe, ambao inasemekana ni mabaki ya Wareno. Ng'ombe hauawi, huchezwa kwa nguo na kwa mbio, na kina mama huimba pembeni. Nenda Gombani kwenye mpira ushangilie upande wa mtaa wako hata ukifungwa. Kirumbizi, mchezo wa fimbo, kikichezwa Kengeja, kitazame kwa mbali.

Mwisho utakuja wakati wa kuondoka. Usitoroke na gari la alfajiri. Tenga siku mbili za kuaga, nyumba kwa nyumba, ukianza kwa sheha, na umwombe radhi kila mmoja. Kisha mizigo itaanza kuletwa: chupa ya samli kwa ami aliyeko Kariakoo, mkate wa kumimina kwa binti anayesoma Unguja, boksi lililofungwa kamba kwa mtu atakayekungoja hukohuko Unguja, bandarini Malindi. Pokea yote, mzigo hapewi mtu asiyejulikana. Uliza kilichomo, na kama ni karafuu kataa kwa upole, maana magendo ya karafuu ni kesi hata kwa mtu mwema. Mengine yabebe. Jina na namba ya simu ya mpokeaji viandike kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi lenyewe, usitegemee simu yako, kwa sababu tangu Mkoani mpaka Malindi utapigiwa na watu wote uliowaaga kuulizwa kama umepata pa kukaa, na chaji haitafika.